Mbwa wa mteja kala zabibu nyumbani kwangu, gharama za matibabu alipe nani?

Mtunza_Miyuji

Habari za leo wakubwa. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu, maana tangu jana nimeandika na kufuta mara tatu.

Naishi Miyuji, hapa hapa Dodoma. Kazi yangu ni kutunza mbwa wa watu wanaposafiri. Tangu serikali ihamie huku kuna watumishi wengi ambao familia zao zimebaki Dar, na siku hizi ikifika Ijumaa jioni wanapanda treni ya SGR kwenda kuwaona. Nyumbani anabaki mlinzi. Mlinzi analinda geti, mbwa anamtupia makande ya juzi, basi. Ndiyo wakaanza kuniletea mimi. Nina banda la matofali lenye vyumba vitatu, ua umezungushiwa ukuta, natoza 10,000 kwa siku. Kazi naipenda na sijawahi kupoteza mbwa wa mtu.

Mwezi wa nane kuna baba mmoja wa Iyumbu aliniletea mbwa wake, Bosi, mchanganyiko wa German Shepherd, miaka minne. Baba alikuwa amefiwa, anakwenda kuzika Same, kule milimani. Tulikubaliana siku tisa, Jumamosi hadi Jumapili ya wiki iliyofuata. Akatanguliza 40,000, zilizobaki 50,000 angezimalizia siku ya kumchukua. Hatukuandika popote, tulikubaliana pale getini huku gari linanguruma.

Uani kwangu nina mizabibu sita iliyotambaa juu ya waya. Mwezi wa nane ndio mavuno, na zilizoiva sana zinaanguka zenyewe. Alhamisi jioni nilimfungulia Bosi ajinyooshe, nikamwona chini ya waya anaokota zabibu anatafuna. Nilimwona kwa macho yangu. Sikumkataza, kwa sababu mbwa wangu wawili wa kienyeji wanaziokota kila msimu, mwaka wa tano huu, hata kuhara hawajahara.

Saa sita usiku nikamsikia anatapika. Nikatoka na tochi. Matapishi yalikuwa maganda ya zabibu na povu, na yeye kasimama ameinamisha kichwa, miguu ya nyuma inatetemeka. Alfajiri akatapika tena. Ugali na dagaa, ambavyo siku zote sufuria alikuwa anailamba mpaka inang'aa, akavinusa tu akageuka.

Saa moja asubuhi nilimpigia mwenye mbwa mara tatu, hapatikani. Nikamtumia ujumbe: "Shikamoo baba, pole na msiba. Bosi hajisikii vizuri, anatapika, nimemwita daktari." Jioni akajibu: "Marahaba. Sawa, mwangalie."

Daktari wa mifugo alipofika swali lake la kwanza likawa amekula nini. Nikamwambia zabibu. Akashtuka, akasema zabibu zinaua figo za mbwa. Wallahi sikuwahi kusikia kitu hicho, na zabibu nimekua nazo. Akamtundikia dripu siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili, na damu ikapimwa mara mbili. Kipimo cha kwanza cha figo kilikuwa kimepanda kidogo, cha pili kimeshuka. Bosi akapona. Hesabu ni hii: kuja nyumbani mara ya kwanza 20,000, dripu tatu 75,000, vipimo viwili 50,000, bajaji kwenda na kurudi kwenye vipimo 15,000. Jumla 160,000, zote zimetoka mfukoni mwangu, risiti ninazo.

Jumapili jioni mwenyewe akaja. Akaona mguu wa mbele umenyolewa manyoya, plasta bado ipo. Nikamweleza yote. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Kwa hiyo mama umemlisha mbwa wangu sumu, halafu unataka nikulipe." Akafungua mlango wa gari, Bosi akapanda, wakaondoka. Ile 50,000 hakutoa, ya matibabu ndiyo usiseme. Jumanne akaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba watu wajihadhari na mama wa Miyuji anayelisha mbwa wa watu zabibu mbovu. Wateja wawili wameshaghairi.

Maswali yangu. Siku tisa nilizomtunza ni haki yangu kulipwa au si haki? Na hiyo 160,000 ni ya kwangu, ni ya kwake, au tugawane? Yeye anasema neno "mwangalie" maana yake ni nimwangalie anaendeleaje, hakuniruhusu kutumia pesa yake. Mimi nilielewa nimhudumie. Ninyi mngeelewaje?

MifugoKongwa

Mbukwenyi. Mimi nimestaafu utumishi wa mifugo, kazi nimeifanya Kongwa na Mpwapwa. Nianze na zabibu, maana naona watakuja watu hapa kusema daktari alitaka hela.

Daktari wako alisema kweli. Zabibu ni sumu kwa mbwa, mbichi hata zilizokaushwa, na zilizokaushwa ni mbaya zaidi kwa kuwa maji yametoka na sumu imebaki pale pale. Kwa miaka mingi wataalamu hawakujua ni kitu gani ndani yake kinachodhuru. Siku hizi wanaishuku asidi ya tartariki, ambayo zabibu inayo nyingi na figo za mbwa hazina uwezo mzuri wa kuitoa. Kiasi chake hubadilika kwa aina ya zabibu, kwa shamba, kwa kuiva. Ndiyo maana mbwa mmoja anakula bakuli zima hapati kitu, mwingine anakula kiganja kimoja figo zinasimama. Hao wa kienyeji wako wamebahatika tu. Usiwaache waendelee.

Anayedhurika kwa kawaida hutapika ndani ya siku ile ile. Kisha kati ya siku ya kwanza na ya tatu figo ndipo zinapoonyesha. Akifika mahali haupati mkojo, hapo ni kazi ngumu sana kumrudisha. Dripu ya siku mbili tatu ndiyo tiba yenyewe, na kupima figo ndiyo namna pekee ya kujua umefika wapi. Hakuna hata shilingi moja hapo ya anasa. Ungesubiri mwenyewe ashuke kutoka Same ungemkabidhi mzoga.

Hili la zabibu huku kwetu halijulikani kabisa, na ni ajabu, kwa sababu mkoa wote ndio wenye zabibu: Hombolo, Mpunguzi, Mvumi, kila mahali. Kule Makutupora kuna kituo kizima cha utafiti wake. Ukimwona mbwa anakula, usisubiri atapike mwenyewe. Mpigie daktari saa ile ile, kuna sindano ya kumtapisha, na inafaa sana ndani ya saa mbili za mwanzo. Usimnyweshe maji ya chumvi kama wanavyofanya watu, chumvi nayo inaua.

Swali langu: alikuwa anakojoa siku zile tatu? Na mwenyewe amemrudisha kupima tena? Apimwe tena baada ya wiki kadhaa.

Kisasa_Mashariki

Dada, ungemshukuru Mungu mbwa kapona, hilo deni ulisamehe. Mwenye ua wenye sumu ni wewe.

Baba_Mapacha

Mimi ni upande wa wenye mbwa, kwa hiyo nitasema ambacho yule baba huenda hakukuambia.

Miaka miwili iliyopita nilimwacha mbwa wangu kwa kijana mmoja nikaenda likizo Singida. Narudi, mbwa anachechemea. Kijana anasema alikuja hivyo hivyo. Nikabishana na nafsi yangu wiki nzima, labda kweli alikuwa anachechemea na sikuona. Baadaye mama anayeuza vitumbua jirani yake akaniambia mbwa aligongwa na bodaboda siku ya pili, kijana alikuwa amesahau geti wazi. Mguu ulipona. Lakini mpaka leo nikimwona yule kijana napita upande wa pili wa barabara. Angenipigia siku ile akasema "kaka, nimeacha geti wazi, mbwa kagongwa", ningefoka, na kesho yake ningemtumia hela ya matibabu.

Sasa soma ujumbe wako tena. "Bosi hajisikii vizuri, anatapika, nimemwita daktari." Zabibu ziko wapi hapo? Wakati huo ulishayaona maganda kwenye matapishi. Daktari naye alipokuthibitishia Ijumaa, ulimwandikia tena? Au baba wa watu alikaa msibani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili akidhani ni tumbo la kawaida, amefika kwako ndiyo anakuta plasta?

Nauliza kwa heshima. Ujibu hili kwanza, ya pesa yatafuata.

Mtunza_Miyuji

@MifugoKongwa mbukwa baba, ahsante sana. Ndiyo, alikuwa anakojoa, nilikuwa namfuata nyuma na tochi kuhakikisha. Kama amepimwa tena sijui, simu zangu hapokei.

@Baba_Mapacha, umenigusa penyewe. Hapana, sikumwandikia. Ijumaa asubuhi nilijiambia sina uhakika, nisubiri daktari. Daktari aliposema, nikajiambia mtu yuko msibani, anamzika kaka yake, nitamwongezea mzigo. Jumamosi nikajiambia kipimo cha pili kikitoka kizuri nitamweleza yote pamoja na habari njema. Kila siku nilikuwa na sababu, na kila sababu ukiitazama peke yake ina maana. Lakini kwa kweli niliogopa. Nilimwona Bosi anatafuna na sikumkataza, na kuandika neno zabibu ilikuwa ni kuandika hilo.

Hili sikulisema kule juu nilipouliza. Nililizunguka.

Lakini bado naona siku tisa nilifanya kazi. Usiku wa Ijumaa nililala kwenye mkeka kando ya banda, mkono wangu uko juu ya ule mguu ili asiing'oe dripu. Sumu sikumlisha. Ningemlisha kwa kujua ningemwita daktari wa nini?

Karani_Makole

Nimefanya kazi na ofisi za mitaa, kesi za mdogo mdogo namna hii nimezikalia nyingi: mbuzi, pikipiki za kukodishana, cherehani zilizoachwa kwa fundi. Ya mbwa ndiyo ya kwanza, ila mwili wake ni ule ule. Mtu kamkabidhi mwenzake kitu akitunze, kitu kimepata dosari.

Kutokuandika si tatizo kubwa kama unavyodhani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo. Ulipokea 40,000, bila shaka kwa simu, na ule ujumbe wa muamala unaonyesha tarehe na kiasi. Ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Usifute kitu chochote, hata yale maneno ya kwenye kundi.

Sheria hiyo hiyo ya mikataba inasema aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama ambavyo mtu wa kawaida mwenye busara angetunza mali yake mwenyewe ya namna hiyo. Bosi si kiti, nalijua hilo, lakini kisheria ni mali ya mtu. Kwa hiyo swali si kama ulimwona anakula. Swali ni kama mtu wa kawaida wa Dodoma, mwenye mbwa wake, angemkataza. Mbwa wako wamekula miaka mitano, huyo mzee wa Kongwa anasema wengi hawajui, mwenye mbwa mwenyewe alimleta kwenye ua wenye mizabibu hiyo hiyo na hakusema neno. Hapo unasimama vizuri. Lakini umesimama mara hii moja tu. Akija mbwa mwingine akala, huwezi tena kusema hukujua, na uzi huu utakuwa shahidi dhidi yako.

Anayekabidhi naye ana wajibu wake, aeleze kasoro anazozijua. Kama Bosi alikuwa na historia ya figo au tumbo, alitakiwa kusema. Umemuuliza?

Kuhusu "mwangalie". Neno hilo ni kweli lina pande mbili, hata mimi nikimwambia mtu amwangalie mtoto sijampa kibali cha kumpeleka hospitali ya gharama. Lakini lisomwe pamoja na ulichoandika wewe. Ulisema umeshamwita daktari, yeye akajibu "sawa". Daktari haji bure, anajua. Ningesema daktari wa kuja mara moja alimkubali. Dripu tatu na vipimo hakuviruhusu, kwa sababu hukumwambia, na hukumwambia kwa sababu ya hilo ulilokwisha kukiri hapo juu. Ndiyo ubovu wa kesi yako, na ukienda Mahakama ya Mwanzo atakuuliza hivyo hivyo.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 haimruhusu aliyeshika mnyama amwache ateseke. Kutibu ulitakiwa kutibu, hata angekukataza.

Ushauri wangu: usikimbilie mahakamani kwa 210,000, nauli na siku za kazi zitakula zaidi ya hizo. Nani aliwakutanisha? Mtumieni mtu huyo. Akishindwa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ukae naye ana kwa ana, simu achana nazo. Na 50,000 ya siku tisa usiichanganye na matibabu, hayo ni madai mawili. Ile ni ujira wa kazi iliyofanyika. Ukiyatia kwenye chungu kimoja atakataa chungu chote.

Baba_Mapacha

Naunga mkono. Naongeza moja tu: ukikaa naye, hesabu usianze nayo.

Mtunza_Miyuji

Ni siku kumi na moja tangu niandike, nimeona nirudi niwaambie, hasa aliyeniuliza la ujumbe.

Aliyetukutanisha ni mwalimu mmoja mstaafu wa Ilazo, ana mbwa ninaowatunza pia. Alituita kwake Jumamosi. Baba wa Bosi alikuja amevaa shati la msiba bado. Nikamwamkia, akaitikia akitazama pembeni. Nilikuwa na risiti kwenye mfuko wa nailoni, nikaziweka chini ya kiti. Nikamwambia: baba, kabla ya lolote, nilimwona Bosi anaokota zabibu na sikumkataza kwa kuwa sikujua zina madhara. Ijumaa saa mbili nilishajua, na nikakuficha mpaka Jumapili. Kwa hilo naomba radhi, na msamaha huo hautegemei utanilipa au hutanilipa.

Alikaa kimya muda. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. Kaka yake aliyemzika alikufa kwa figo. Alikuwa akisafishwa damu miezi minane. Alipofika kwangu Jumapili akasikia neno figo tena, alisema, masikio yalifunga.

Pesa tuliizungumza robo saa tu. 50,000 ya siku tisa alinitumia pale pale, simu yangu ikalia mkononi. Kwenye matibabu alishikilia ya kwake: daktari wa kwanza anamlipa, maana aliandika "sawa", na nusu ya dripu na vipimo. Ni 20,000 na 62,500. Bajaji na nusu nyingine ni zangu. Mwalimu aliona ningeweza kudai zaidi, mimi nikakubali. Zile siku mbili nilizonyamaza zina bei, na mtu mwingine hawezi kunilipia. Atamalizia mwisho wa mwezi.

Kwenye kundi aliandika jioni ile kwamba mbwa wake alikula zabibu zilizoanguka, akatibiwa akapona, na kwamba wenye mbwa wote Dodoma wajue zabibu ni sumu. Neno "mbovu" hakulitaja wala kulifuta. Mteja mmoja amerudi, mwingine bado.

Mizabibu sijaing'oa, ni ya marehemu mama. Nimezungusha wavu wa kuku kuanzia nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho, na kila jioni naokota zilizodondokea nje kabla sijafungua banda. Nimenunua daftari kubwa la kaunta. Mteja akija tunaandika jina la mbwa, tarehe ya chanjo ya kichaa na kadi naiona kwa macho, anaumwa au aliwahi kuumwa nini, asipewe chakula gani. Halafu maswali mawili ambayo watu wanayasita: nisipokupata nimpigie nani, na naruhusiwa kutumia shilingi ngapi kwa daktari kabla sijakupata. Mmoja aliandika 30,000. Nikamuuliza je, ikifika 40,000 na mbwa anakufa? Akafikiri, akafuta, akaandika 150,000. Chini kabisa nimeandika mwenyewe kwa wino mwekundu: kwangu kuna zabibu.

Bosi hajarudi kwangu na sijui kama atarudi. Baba yake amesema atampima figo mara ya tatu mwezi ujao. Nimemwomba anitumie majibu yakitoka, vyovyote yatakavyokuwa, na amekubali.